Kiunzi cha seli hakibebi kolesteroli, kinapanga makutano

Mwaka 1985, Michael Kaplan na Robert Simoni wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha jaribio ambalo kwa maoni yangu lilistahili kelele kubwa kuliko lilizopata. Walichukua seli za ovari ya hamsta wa Kichina, seli ambazo maabara duniani kote huzitumia kwa sababu ni rahisi kuzikuza, wakaifuatilia kolesteroli mpya tangu inapoundwa ndani ya seli, kwenye mtandao wa tando uitwao retikulamu ya endoplazimu, mpaka inapofika kwenye utando wa nje. Kisha wakaanza kumwaga sumu. Kolichisini, inayovunja mikrotubuli, mirija ya kiunzi cha seli, yaani mtandao wa nyuzi wa ndani ya seli. Sitokalasini B, inayovuruga nyuzi za aktini, za kiunzi hichohicho. Monensini, inayokwamisha shughuli za Golji, kituo cha seli cha kupanga na kusambaza mizigo. Kolesteroli haikujali. Ilifika kama kawaida.

Mambo mawili tu ndiyo yaliyoizuia: kuinyima seli nishati, na baridi. Joto liliposhushwa hadi nyuzi 15 za Selsiasi, seli iliendelea kutengeneza kolesteroli, ila haikufika kwenye utando wa nje. Ikawa inarundikana kwenye retikulamu na kwenye vifuko vyepesi vyenye mafuta mengi.

Kwa yeyote aliyesomeshwa baiolojia kwa picha iliyozoeleka, jibu hilo linakera. Picha hiyo sote tunaijua: mikrotubuli ni barabara, protini za mota ni malori, na kila kitu kinachohama ndani ya seli ni mzigo ulio nyuma ya lori. Vunja barabara, lori lisimame. Kaplan na Simoni walivunja barabara na mzigo ukafika. Miaka arobaini imepita na nadhani bado hatujalimeza jibu hilo. Tunaendelea kuandika kwamba kiunzi cha seli “husafirisha” kolesteroli, ilhali kazi yake kwenye jambo hili ni nyingine, na kwangu mimi ni ya kuvutia zaidi.

Kwa nini lile jaribio lilipita kimya? Dhana yangu ni kwamba mwaka 1985 ulikuwa na habari nyingi mno. Mwaka huo Ronald Vale, Thomas Reese na Michael Sheetz, wakifanya kazi kwenye maabara ya viumbe wa bahari ya Woods Hole, walitangaza kuipata kinesini ndani ya neva nene za ngisi: protini inayopiga hatua za nanomita 8 juu ya mikrotubuli, ikichoma molekuli moja ya ATP, nishati ya seli, kwa kila hatua. Mwaka huohuo Michael Brown na Joseph Goldstein wa Dallas, Texas, walipewa Nobel kwa kuonyesha jinsi seli inavyoikamata LDL, chembe inayobeba kolesteroli, kutoka kwenye damu. Habari ya kwanza ilikuwa na video ya chembe zinazotembea. Ya pili ilikuwa na wagonjwa, familia na dawa. Ya Kaplan na Simoni ilikuwa na majedwali ya vipimo vya mionzi. Si ajabu ni ipi iliyosahaulika.

Tuweke msingi kidogo, wasomaji wengine wasiachwe nyuma. Kiunzi cha seli kina jamii tatu za nyuzi. Mikrotubuli ni mirija yenye kipenyo cha nanomita 25. Juu yake kinesini nyingi hutembea kuelekea pembezoni mwa seli, na daineini huvuta kuelekea katikati, karibu na kiini. Aktini ni nyuzi nyembamba za nanomita 7, nazo hutembelewa na miosini. Katikati ya hizo kwa unene, nanomita 10, ndipo zilipo nyuzi za kati, mojawapo ikiwa vimentini, ambayo haina mota yake hata moja. Ishike hiyo vimentini, nitairudia.

Kolesteroli nayo, ambayo magazeti yetu mara nyingine huiita lehemu, ni molekuli yenye kaboni 27 na isiyopatana na maji kabisa. Haiwezi kujipitia yenyewe kwenye majimaji ya seli. Ina njia mbili tu. Ama iwe sehemu ya kipande cha utando kinachohama, ama ishikwe na protini yenye mfuko wa ndani usioingia maji, ikabidhiwe upande wa pili. Ubishi wote kuhusu kiunzi umo kwenye kutofautisha njia hizo mbili, na nimeona watu wazima wenye shahada wakizichanganya.

Kuna sababu ya seli kuhangaika hivyo. Sehemu kubwa ya kolesteroli yote hukaa kwenye utando wa nje. Retikulamu, ambako inatengenezwa, hubaki na kiasi kidogo mno, na hicho kidogo ndicho kinachohesabiwa. Mwaka 2008 kundi la Dallas lilionyesha kwamba kolesteroli ikizidi takribani asilimia 5 ya molekuli za mafuta za utando wa retikulamu, mfumo mzima wa kutengeneza kolesteroli na kuivuta kutoka kwenye damu huzimwa. Ikishuka chini ya hapo, huwashwa. Kwa hiyo kuna seli iliyojaa kolesteroli hadi pomoni lakini kolesteroli hiyo imekwama mahali pasipofaa, na retikulamu yake inaamini kuna njaa. Inaendelea kuagiza nyingine. Kipimo cha damu anachopewa mtu zahanati, kile cha LDL na HDL, hakina namna ya kukuonyesha hali hiyo. Ndiyo maana huwa sifurahishwi na mijadala ya kolesteroli inayoanzia kwenye nyama choma na kuishia kwenye ukuta wa mshipa, kana kwamba baada ya kuingia ndani ya seli hakuna kinachotokea.

Kinachotokea ni hiki. Chembe ya LDL, yenye upana wa kama nanomita 22 na molekuli zipatazo 1,500 za kolesteroli iliyofungwa kwa asidi ya mafuta, hunaswa na kipokezi kwenye utando wa nje. Utando hubonyea, hujikata, huwa kifuko. Kipokezi hurudi juu kuchukua nyingine, safari nzima ikimchukua kama dakika 10. LDL yenyewe huachwa ndani ya kifuko hicho, kiitwacho endosomu, na endosomu hukomaa huku ikiburutwa kwenye mikrotubuli kuelekea katikati. Ndani kuna tindikali na vimeng'enya vinavyoifungua kolesteroli. Protini mbili, NPC2 iliyo ndani ya majimaji ya kifuko na NPC1 iliyopachikwa kwenye utando wake, huipokea na kuitoa.

Hapo barabara na malori yapo kweli, sibishi. Endosomu ni kubwa mno kusambaa yenyewe kwenye seli iliyosongamana. Bila daineini haifiki mbali. Lakini tazama ni nini kinachobebwa. Ni kifuko chote, pamoja na vimeng'enya vyake, protini zake na uchafu wake. Kolesteroli ni abiria mmojawapo. Na abiria huyu ana tabia moja ambayo picha ya lori haiwezi kuieleza.

Mwaka 2009, Nuno Rocha na wenzake katika kundi la Jacques Neefjes huko Amsterdam walieleza protini iitwayo ORP1L. Inakaa kwenye uso wa endosomu komavu, ikiwa imeshikiliwa na Rab7, protini inayoratibu safari za vifuko. Rab7 hiyohiyo inamshikilia mwenzake, RILP, ambaye kazi yake ni kumvuta daineini aje kuburuta. ORP1L ina sehemu inayotambua kolesteroli. Kolesteroli ikiwa tele kwenye utando wa endosomu, ORP1L hukaa kwa utulivu, daineini hufanya kazi, endosomu hukusanyika karibu na kiini. Kolesteroli ikipungua, ORP1L hubadili umbo na kufichua kipande ambacho hunasa protini nyingine, VAP-A, iliyo kwenye utando wa retikulamu jirani. Mguso huo humng'oa daineini na msaidizi wake kutoka kwa RILP. Endosomu hubaki bila wa kuiburuta katikati, na baada ya muda utaziona zimetawanyika pembezoni.

Isome tena taratibu. Mzigo ndio unaoamua kama dereva atapata kazi. Na jambo linalomsimamisha dereva ni mguso baina ya endosomu na retikulamu, yaani mahali palepale ambapo kolesteroli inaweza kukabidhiwa kutoka utando mmoja hadi mwingine. Watafiti wanabishana kolesteroli hupita kuelekea upande gani kwenye mguso huo na kwa hali ipi, na ubishi huo ni halali. Kwamba mwendo na mguso vimefungwa pamoja na kolesteroli yenyewe, hilo limesimama. Miaka saba kabla ya hapo, kundi la Jean Gruenberg la Geneva lilikuwa limeshaona kwamba endosomu zilizojaa kolesteroli hupoteza mwendo wake wa kawaida na kwamba Rab7 imo ndani ya kesi hiyo. Amsterdam ndiyo iliyotoa utaratibu wake.

Kukabidhiana huko kukoje? Mfano ulioelezwa vizuri kuliko yote umetoka kusini mwa Ufaransa, kundi la Bruno Antonny, mwaka 2013, nao unahusu retikulamu na Golji. Protini iitwayo OSBP hushika tando zote mbili kwa wakati mmoja. Inachukua kolesteroli kutoka retikulamu, inaiweka Golji, na wakati wa kurudi inabeba mafuta mengine, PI4P, ambayo yakifika retikulamu huvunjwa na kimeng'enya kinachosubiri hapo. Kwa kuwa PI4P huvunjwa upande mmoja na hutengenezwa upya upande wa pili kwa kutumia ATP, mzunguko hauishi na kolesteroli huweza kusukumwa kwenda mahali ambapo tayari ni nyingi. Hakuna mota. Hakuna mikrotubuli. Kuna pengo la nanomita kumi au ishirini hivi na protini inayogeuka huku na huku. Ukirudi kwa Kaplan na Simoni baada ya kusoma hayo, hitaji lao la nishati pamoja na dharau ya kolesteroli kwa kolichisini havionekani tena kuwa kitendawili.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kiunzi cha seli hakibebi kolesteroli kutoka hapa kwenda pale. Kinaamua nani amkaribie nani. Kolesteroli huruka pengo la mwisho yenyewe, kwa msaada wa protini za kukabidhi, na mguso wa tando usipokuwepo, barabara zote za duniani hazisaidii.

Sasa nipinge mwenyewe kidogo, maana ushahidi wa upande wa pili si haba. Kuna ugonjwa wa kurithi, Niemann-Pick aina C, unaotokana na kuharibika kwa NPC1 au NPC2. Kolesteroli hukwama ndani ya endosomu na lisosomu, vifuko vya kumeng'enya. Mwaka 2002 kundi la Richard Pagano la Kliniki ya Mayo lilichukua seli za ngozi za wagonjwa hao na kuzifanya zitengeneze Rab7 au Rab9 kupita kiasi. Hawakuitengeneza NPC1. Waliongeza tu waratibu wa safari za vifuko. Mrundikano wa kolesteroli ukapungua. Miaka mitano baadaye kundi la Elina Ikonen la Helsinki lilipata jambo kama hilo kwa Rab8, na mwaka 2013 likaonyesha njia yenyewe: kolesteroli iliyotoka kwenye LDL hurudi kwenye utando wa nje kwa vifuko vinavyoongozwa na Rab8 na kuvutwa na miosini 5b juu ya aktini. Hapo ni barabara, ni lori, na kolesteroli iko nyuma ya lori. Siwezi kujifanya sikuiona.

Ninachosema ni kwamba njia hiyo ya aktini ni mojawapo, na inapita upande wa utando wa nje. Kwa upande wa retikulamu, ambako asilimia 5 inapimwa na uamuzi unafanyika, ushahidi mzito uko kwenye miguso. Mtu akiniambia seli moja ina njia zote mbili na huzipima kulingana na mahitaji, nitakubali bila kinyongo. Akiniambia kwamba kwa hiyo picha ya malori inatosha, hapana.

Nije sasa kwa vimentini, ambayo naona ndiyo kesi tamu kuliko zote na ndiyo iliyoandikwa kidogo kuliko zote. Mwaka 1992, kundi la Robert Evans huko Colorado lilitumia seli za SW-13, zilizotoka kwenye saratani ya tezi ya adrenali ya binadamu. Seli hizi zina uzuri wake: baadhi zina vimentini na nyingine hazina kabisa. Zile zisizo nayo zilimeza LDL vizuri, lakini zilishindwa kuifunga kolesteroli ya LDL kwa asidi ya mafuta kwa kiwango cha wenzao. Kazi hiyo ya kufunga hufanyika kwenye retikulamu. Maana yake kolesteroli ilikuwa haifiki huko inavyopaswa. Na vimentini, nakumbusha, haina mota. Hakuna kinachotembea juu yake.

Miaka miwili baadaye ikaja habari iliyoipoza hoja hiyo. Maabara ya Ufaransa ilitengeneza panya wasio na vimentini hata chembe, na panya wale wakazaliwa, wakakua, wakazaana, bila kasoro iliyoonekana kwa macho. Hebu fikiria umeandika kwamba nyuzi fulani ni muhimu kwa kolesteroli halafu mnyama anaishi bila nyuzi hizo na hana neno. Wengi waliiacha hoja hapo. Ni kosa la kawaida katika sayansi ya maumbile: kumpima mnyama akiwa amepumzika na kudai hana tatizo.

Mwaka 2012 watafiti wa California, Wen-Jun Shen na wenzake, waliwachukua tena panya wasio na vimentini, safari hii wakaziamuru tezi zao zifanye kazi. Walizisisimua adrenali kwa dawa inayoiga homoni ya ubongo inayoamrisha tezi hizo. Kotikosteroni, homoni ambayo hutengenezwa kutokana na kolesteroli, ilipungua kwa asilimia 35 kwa madume na asilimia 50 kwa majike. Wakazisisimua ovari: projesteroni ikashuka kwa asilimia 70. Wakazisisimua korodani, na testosteroni haikubadilika.

Tofauti hiyo ya korodani ndiyo iliyonifanya niwe muumini. Adrenali na ovari, zinapoamrishwa ghafla, hupendelea kuchota kolesteroli iliyowekwa akiba kwenye matone ya mafuta na kuipeleka kwenye mitokondria, ambako safari ya kuwa homoni huanzia. Korodani haitegemei akiba hiyo kwa namna hiyo. Vimentini hushikamana na matone ya mafuta. Kwa hiyo kinachoharibika vimentini isipokuwepo si “usafiri wa kolesteroli” kwa ujumla wake. Ni ukaribu wa tone fulani na mitokondria fulani, wakati wa haraka, kwenye tezi zinazotegemea ukaribu huo. Ndani ya mitokondria kwenyewe, kuvuka kutoka utando wa nje hadi wa ndani, ni kazi ya protini nyingine, StAR, iliyotambuliwa mwaka 1994, na vimentini haihusiki nako. Sijui mfano mwingine unaoeleza kwa usafi zaidi kwamba uzi usiobeba chochote unaweza kuamua kolesteroli ifike au isifike.

Kwa neva mambo huwa makali zaidi, kwa sababu ya urefu. Neva moja inayotoka kwenye uti wa mgongo wa mtu mzima hadi kidole cha mguu ina kama mita moja. Hata usafiri wa kasi kabisa wa mikrotubuli, milimita 400 kwa siku kwa juu, unahitaji zaidi ya siku mbili kufika. Ubongo una takribani robo ya kolesteroli yote ya mwili ilhali uzito wake ni asilimia 2 tu, na LDL ya damu haiingii humo; ubongo hujitengenezea yake. Seli yenye umbo hilo haiwezi kumudu endosomu zote kurundikana karibu na kiini. Wagonjwa wa Niemann-Pick C wana kasoro ileile katika kila seli ya mwili, lakini anayeumia zaidi ni ubongo, hasa seli kubwa za Purkinje kwenye ubongo wa nyuma. Mtoto huanza kujikwaa. Macho yake huchelewa kuhama kutoka juu kwenda chini. Baadhi yao hulegea mwili na kuanguka wanapocheka. Ni ugonjwa adimu, kama mtoto mmoja kwa kila vizazi hai laki moja, na pengine zaidi ya hapo kwa kuwa wengi hawatambuliwi.

Kwa miaka mingi ulitambuliwa kwa kukata kipande kidogo cha ngozi, kukuza seli zake, kisha kuzitia filipini, dutu inayotengenezwa na bakteria wa udongo, ambayo hushikana na kolesteroli na kung'aa buluu chini ya mwanga wa urujuanimno. Seli yenye afya hung'aa ukingoni, mstari mwembamba. Seli ya mgonjwa ina kichaka cha vitone vinavyowaka, vimekusanyika pembeni mwa kiini. Ukiijua ORP1L, kichaka hicho unakisoma vingine: kolesteroli tele, daineini hajaondolewa kazini, kila endosomu imeburutwa katikati na hairuhusiwi kutoka. Kuna kukwama mara mbili, ndani ya kifuko na mahali pa kifuko.

Huenda msomaji wa Kongo, Uganda au kwingineko kwenye ukanda huu anajiuliza ugonjwa adimu namna hii unamhusu nini. Unamhusu kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia. Mwaka 2011 makala mbili zilizochapishwa pamoja zilionyesha kwamba virusi vya Ebola haviwezi kuingia kwenye seli bila NPC1. Virusi humezwa, husafirishwa kwenye mikrotubuli ndani ya endosomu hadi inapokomaa, hukatwakatwa na vimeng'enya vya humo mpaka protini yake ya juu ifichue sehemu inayoshika NPC1, na ni hapo tu hupenya. Seli za ngozi za wagonjwa wa Niemann-Pick C, zilipowekewa virusi, hazikuambukizwa. Virusi vilifanya subira ya safari nzima ya LDL ili vikutane na protini moja mahali pamoja.

Kingamwili iitwayo mAb114 ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995, katika kazi ambayo Profesa Jean-Jacques Muyembe wa Kinshasa alikuwa mmoja wa nguzo zake. Inashika sehemu ileile ambayo virusi vingetumia kuikamata NPC1. Ilijaribiwa wakati wa mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri wa 2018 hadi 2020, uliokuwa na wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Katika jaribio hilo, waliofariki ndani ya siku 28 miongoni mwa waliopewa mAb114 walikuwa asilimia 35. Kwa waliopewa ZMapp, dawa iliyokuwa ikilinganishwa nazo, karibu asilimia 50. Mwisho wa 2020 Marekani iliidhinisha mAb114. Watu wa Beni na Butembo walitibiwa kwa dawa ambayo kazi yake ni kuzuia mkutano mmoja ndani ya endosomu, kwenye protini ya kolesteroli.

Neno moja la haraka kuhusu kolichisini, kwa kuwa najua litaulizwa. Dawa hii ya jongo iliidhinishwa Marekani mwaka 2023, kwa dozi ndogo ya nusu miligramu kwa siku, kupunguza hatari ya mshtuko wa moyo. Jaribio la LoDoCo2 la mwaka 2020, lenye wagonjwa 5,522, lilionyesha matukio mabaya ya moyo kwa asilimia 6.8 ya waliopewa dawa na 9.6 ya waliopewa kidonge tupu. Mtu anaweza kushawishika kusema: ndiyo hiyo, mikrotubuli na kolesteroli. Sivyo. Dawa hiyo hutuliza uvimbe wa ndani, haipunguzi LDL, na hakuna anayepaswa kujinunulia dukani kwa sababu ya makala ya gazeti; dozi ikizidi kidogo inaua.

Kinachonisumbua ni mwelekeo wa tiba. Mwezi Septemba 2024 Marekani iliidhinisha dawa mbili za Niemann-Pick C kwa mara ya kwanza, arimoklomoli na levasetililusini. Ni habari njema kwa familia husika na sitaki kuitia doa. Lakini hakuna hata moja inayolenga mahali endosomu ilipo au inachogusa. Matokeo ya Rab yana zaidi ya miaka ishirini, ya ORP1L yanakaribia hiyo, na bado dawa nyingi za majaribio huchujwa kwa kuuliza swali moja: filipini imepungua? Swali la pili, endosomu zimekwenda wapi, huulizwa kwa nadra, na aghalabu kwenye seli bapa za ngozi ambazo hazina urefu wowote wa kuhangaikia.

Jaribio linaloweza kunifanya nifute hoja yangu si gumu kulieleza, na vifaa vyake vipo. Mwaka 2015 kundi la Lukas Kapitein la Utrecht lilionyesha kwamba unaweza kukifungia kifuko cha seli kinesini au daineini kwa kukimulika tu, ukakipeleka pembezoni au katikati kwa amri yako, seli ikiwa hai. Zichukue endosomu komavu za neva, zisukume kwa mwanga mbali na retikulamu inayozigusa, zishikilie hapo. Halafu pima ni kiasi gani cha kolesteroli ya LDL kinafungwa kwa asidi ya mafuta. Kikibaki vilevile, basi ukaribu haukuwa na kazi niliyoipa, Kaplan na Simoni wana maelezo mengine, na mimi nina makala nyingine ya kuandika.